Jumamosi usiende peke yako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikamsomea baba yako. Yeye amefurahi. Mimi nimekwama kwa yule jirani aliyetoka kukuuliza unatafuta nini na kamera mbele ya nyumba ya watu, ile aliyokuwa akiishi marehemu Minor White, mpiga picha. Na bado unasema Jumamosi unarudi!

Huyo Minor White wako nimeshamjua kwa lazima. Alihamia Rochester, huko Marekani, mwaka 1953, akafundisha upigaji picha, na pale North Union Street, namba 72, wanafunzi wengine wakaishi naye. Picha yake ya 1958, ile ya mwanga kwenye pazia la dirisha, aliipiga humohumo ndani. Uliponionyesha nilisema ni pazia tu. Siku hizi jua likiingia jikoni asubuhi huwa nasimama kidogo kulitazama, basi usiniulize zaidi.

Lakini sikiliza. Yeye alikuwa kwake, dirisha hilo analiona majira yote, hadi barafu ya kwenye vioo akaipiga picha. Wewe utakuwa nje, lenzi umeielekeza kwenye chumba cha mtu asiyekujua. Umenieleza kwamba kule ukiwa barabarani hukatazwi kupiga picha. Sawa, ila uani ni kwa mwenyewe, na mtu aliyeingiwa na hofu haanzi kwa kufungua kitabu cha sheria. Usichungulie. Usizunguke nyuma ya nyumba. Kamera iache shingoni, mikono ionekane, piga hodi, jitambulishe. Wakikataa, ondoka, usibishane.

Na sijui unafuata nini mlangoni pale. Negativu zake na karatasi zake aliziachia Chuo Kikuu cha Princeton. Si uwaandikie, wakupangie siku ukazitazame kwa utulivu? Hapohapo Rochester kuna makumbusho ya George Eastman, alikofanya kazi. Huko utaingia kwa tiketi, hakuna wa kukutilia shaka.

Usidhani nakuvunja moyo. Picha yako ya ngazi nimeibandika sebuleni, kila mgeni lazima aione. Ila uliniambia wanafunzi wale waliokaa kwake walipika na kusafisha nyumba, na kazi hizo zilikuwa sehemu ya mafunzo. Wewe hapa sufuria zako zililala kwenye karo hadi asubuhi. Labda ningekuachia muda zaidi na kamera, usingekuwa unaenda kutafuta mwalimu kwenye nyumba ya marehemu, lakini na vyombo navyo vilikuwa vinaoshwa na nani?

Mpigie yule mwenzako mwenye gari mwende wote. Akikosa nafasi, ahirisha, nyumba haihami.

Ukuta wa chumbani kwako umeingia unyevu, kwa hiyo boksi la negativu nimelipandisha juu ya kabati letu. Mdogo wako nimemkataza kuligusa. Baba yako naye anazitaka zile trei zako za dawa za kusafishia picha aoteshee miche. Nimemwambia hapana, dawa ile si ya kuchezea, angoje useme mwenyewe. Anauliza kila siku, kwa hiyo jibu upesi.

Mama yako