Tutenganishe haramu, marufuku na mwiko

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie neno moja ambalo magazeti yetu, lako likiwamo, yanalitwisha mzigo usio wake. Neno hilo ni haramu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za mkoa huu wa Kigoma hadi nilipostaafu, na jambo hili limenikera kwa miaka mingi, lakini kilichonifanya nishike kalamu ni swali nililoulizwa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana, nilikwenda Kibirizi kumtafuta mama mmoja ambaye kwa miaka mingi ametuuzia dagaa nyumbani kwetu Ujiji. Nilimkuta ameketi kando ya kichanja kitupu cha kuanikia, na nyuma yake kulikuwa na magunia mawili ya dagaa aliowakausha kabla ya ziwa kufungwa, ameyafunika turubai kama mtu anayeficha mali ya wizi. Aliniuliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, na hawa ni haramu? Maana kila siku nasikia samaki haramu, samaki haramu, na jana nimewapikia wajukuu.” Faini aliiogopa, lakini niliona wazi kwamba aliogopa zaidi kuwa amewalisha wajukuu kitu kilichokatazwa na Mwenyezi Mungu. Nilimjibu kwamba dagaa ni halali kuliwa kama walivyokuwa halali siku zote, na kwamba habari ya kuwauza akaiulize kwa bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, kwa sababu hilo ni suala la serikali na si la dini.

Mama yule hakuwa mjinga. Alilielewa neno kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani tangu utoto. Katika sheria ya Kiislamu matendo yamepangwa kwa madaraja: yapo ya faradhi (ya lazima), ya sunna (yanayopendekezwa), yaliyo mubaha (yanayoruhusiwa tu), yaliyo makuruhu (yasiyopendeza), na mwisho yaliyo haramu. Kinachowekwa katika daraja hilo la mwisho hakiwekwi na waziri, wala hakiondolewi kwa tangazo. Marufuku ni jambo jingine kabisa. Marufuku hupigwa na mwenye mamlaka, huwa na siku ya kuanza, mara nyingi huwa na siku ya kwisha, na asiyeridhika nayo anaweza kuipinga mahakamani. Samaki kama mgebuka, ambaye kumvua kulikuwa marufuku mwezi wa Julai aliliwa bila shaka yoyote mwishoni mwa Agosti. Waandishi wa Katiba yetu walilijua hilo, ndiyo maana katika ibara ya 13 walisema ni marufuku kwa mtu kuteswa, wakalitumia neno la sheria katika kitabu cha sheria.

Mwiko nao una nyumba yake. Mwiko hautangazwi redioni na hauna askari. Mtu huukuta kwa wazee wake, na akiuvunja huona aibu au huogopa kupatwa na mkosi hata kama hakuna aliyemwona. Kwa sababu hiyo naona ni uamuzi wa busara kwamba masharti yaliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967, ya kiongozi kutokuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, yalikuja kuitwa miiko ya uongozi, kwani neno hilo lilimtaka kiongozi ajizuie mwenyewe kabla ya kuzuiwa. Ndugu yake mwiko ni mzio, ambao zamani ulikuwa chakula ambacho mtu au ukoo hauli, na leo hospitalini ndilo neno la mwili kukataa dawa au chakula fulani. Marehemu mama yangu alipoulizwa na muuguzi kama ana mzio wowote, alijibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, kwao hawali kondoo, na kondoo akaandikwa katika karatasi ya matibabu.

Ningeweza kuyavumilia yote hayo kama neno haramu lingeishia kwa samaki na pombe. Lakini sisi tunaoishi mkoa unaopakana na Burundi, na kutazamana na Kongo ng’ambo ya ziwa, tunasoma karibu kila wiki habari za “wahamiaji haramu”. Kiswahili kina mwanaharamu na kina mtoto wa haramu, na kila mzungumzaji anajua maneno hayo yanavyokata. Ukimwita mtu haramu, unaliacha kosa alilotenda, la kuvuka mpaka bila kibali, na unamtia doa yeye mwenyewe na watoto alionao mgongoni. Tena Kiha, lugha ya Waha wa mkoa huu, na Kirundi cha Burundi ni lugha zinazokaribiana sana. Mwanafunzi wangu wa zamani, Muha aliyezaliwa Kasulu, alishushwa kwenye basi kwa sababu ya lafudhi yake, akaachiwa jioni baada ya kuthibitika kuwa ni Mtanzania, na hadi leo wapo majirani wanaomwita “yule haramu” anapopita sokoni. Alinisimulia habari hiyo akiwa ameinamisha kichwa, mtu mzima mwenye familia, na mimi niliyemfundisha maana za maneno sikuwa na neno la kumpa.

Ninakuomba, Mhariri, uwaelekeze waandishi wako waandike “mhamiaji asiye na kibali” au “aliyeingia nchini bila kibali”, na ziwa litakapofungwa tena waandike “uvuvi uliopigwa marufuku”, wakitaja nani amepiga marufuku hiyo na hadi tarehe gani.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma