Ule mchoro wa mtaa wa Paris una mwenyewe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mchoro wa mchoraji Camille Pissarro wa mtaa wa Rue Saint-Honoré mchana wa mvua nimeisoma yote, na kwa kweli mmeuelezea vizuri, magari ya farasi, barabara iliyolowa, watu na miavuli yao. Ila jamani, mnasema tu kwamba siku hizi uko kwenye makumbusho Madrid, Hispania, halafu mnapita, kana kwamba umefika kule kwa miguu yake.

Pissarro aliuchora 1897 akiwa dirishani hotelini, macho yalikuwa yanamsumbua sana, upepo na vumbi la nje hayawezi, ndo maana mtaa wote tunauona kwa juu na ukisogea karibu mtu mzima ni madoa mawili matatu ya brashi, basi. Baadaye mchoro ukawa wa familia ya Cassirer, Wayahudi wa Ujerumani, ukatundikwa sebuleni kwao Berlin. 1939 Lilly Cassirer anataka kuwakimbia Wanazi, anaambiwa toa mchoro kwanza ndo upate kibali cha kuondoka. Eti wakamlipa maki 900, tena zikawekwa kwenye akaunti ambayo hawezi hata kuigusa! Na huyo Pissarro mwenyewe alikuwa Myahudi.

Najua kuna atakayesema Ujerumani ilimlipa fidia ya maki 120,000 mwaka 1958. Sawa, ilimlipa, lakini wakati ule familia haikujua mchoro uko wapi, na fidia ile haikumwondolea haki ya kuudai ukija kuonekana.

Kumbe ulikuwa unazunguka tu. 1976 Baron Thyssen-Bornemisza, tajiri mkusanyaji wa michoro, akaununua New York kwa dola 275,000, halafu 1993 Hispania ikanunua mkusanyiko wake, na mchoro huu ukiwemo, kwa zaidi ya dola milioni 300. Nyuma ya turubai kulikuwa na stika imechanika, imebaki neno Berlin. Sasa wewe unatoa hela zote hizo, unageuza picha unakuta stika ya Berlin imechanika, na historia ya Wanazi unaijua, huulizi hata swali moja?

Huku mtaani ukinunua simu ya wizi, hata kama hela yako ulitoa halali kabisa, mwenyewe akitokea na boksi lake unairudisha, utamtafuta aliyekuuzia. Na familia ya Lilly boksi wanalo, maana ipo picha ya zamani ya ile sebule ya Berlin na mchoro unaonekana ukutani.

Mjukuu wa Lilly, Claude, akauomba akanyimwa, akafungua kesi California 2005, akafariki 2010, mwanawe akaendelea nayo. Januari 2024 mahakama ya rufaa ya huko Marekani ikawapa ushindi makumbusho ya Madrid kwa sababu sheria ya Hispania inasema ukikaa na kitu miaka 6 waziwazi bila kudaiwa kinakuwa chako. Lakini jaji mmoja wa jopo hilohilo akaandika kwamba Hispania ilipaswa kuurudisha yenyewe bila kulazimishwa, maana kanuni za Washington za 1998 kuhusu mali zilizoporwa na Wanazi iliziunga mkono. California nayo ikabadilisha sheria yake ili kesi kama hizi zifuate sheria ya kwao, na Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikairudisha kesi chini iangaliwe upya. Yaani miaka 20 watu wanabishana sheria ya nchi gani itumike, wakati aliyeporwa anajulikana kwa jina!

Mimi naona warudishe. Wakitaka uendelee kukaa ukutani kwao wakae na familia wakubaliane bei, makumbusho nyingine zimefanya hivyo na hazijafungwa. (Habari za mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa huku Lindi na sasa yuko hukohuko Berlin, siziingizi hapa, yeye nitamwandikia barua yake.)

Na nyie mkiuchapisha tena huo mchoro, naomba pembeni yake muweke na ile picha ya sebuleni.

Msomaji wenu,
Lindi