Mtoto mwenye ulemavu asiwekwe pembeni kwenye mazoezi ya judo na karate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi, walimu wa michezo na viongozi wa vilabu vya judo na karate hapa Tabora kuhusu jambo ambalo tumelizoea kiasi kwamba halimshangazi tena mtu yeyote. Jioni, watoto wanapokusanyika kwa mazoezi, si ajabu kumkuta mmoja wao ameketi kando akitunza viatu na madaftari ya wenzake, ama kwa kuwa haoni vizuri, ama hasikii, ama mguu wake mmoja hauna nguvu. Hakufukuzwa na mtu. Ameambiwa kwa upole kabisa akae atazame asije akaumia, na kwa upole huohuo amenyimwa somo ambalo, kati ya watoto wote waliopo hapo, pengine yeye ndiye anayelihitaji zaidi.

Somo lenyewe ni kuanguka. Wengi wetu tukisikia judo au karate hufikiria mateke ya kwenye sinema, na mzazi huuliza, tena ana haki ya kuuliza, kama mwanawe hatarudi nyumbani na tabia ya kuwapiga wadogo zake. Lakini mwanafunzi wa judo, mchezo ulioasisiwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, haanzi kwa kufundishwa kumwangusha mtu. Huanza kwa kufundishwa kuanguka yeye mwenyewe. Kwanza hulala chali, kidevu akikiinamisha kifuani ili kisogo kisigonge chini, akapiga mkeka kwa viganja na mikono iliyonyooka huku akitoa pumzi. Akizoea, huchuchumaa na kujiachia kwa nyuma. Baadaye hufanya hivyo akiwa amesimama, na mwishowe hujifunza kubiringika kwa kupitia bega. Mtoto mmoja atazimaliza hatua hizo kwa wiki chache na mwingine kwa mwaka mzima, na hakuna aliyechelewa. Anayetembea kwa magongo huanguka mara nyingi kuliko anayekimbia, na asiyeona hutumbukia katika mitaro yetu isiyo na mifuniko. Sasa nani afundishwe kuanguka salama kama si hao?

Najua nitajibiwa kwamba ni hatari. Hatari zipo, na mwalimu asiyezijua asikabidhiwe mtoto yeyote, awe na ulemavu au asiwe nao. Baadhi ya watoto waliozaliwa na sindromu ya Down huwa na ulegevu kati ya pingili mbili za juu kabisa za shingo, hivyo hawapaswi kubiringishwa wala kuvutwa shingo mpaka daktari awe amewapima na kutoa ruhusa. Kwa mwenye kifafa, mwalimu ni lazima ajue kwamba degedege likija hatakiwi kumkandamiza mtoto wala kumtia kitu chochote mdomoni, bali aondoe vitu vya kumuumiza, alinde kichwa chake na kumlaza kwa ubavu. Kukabana koo na kupindana viungio si mazoezi ya watoto wadogo kabisa. Mambo haya yanahitaji mwalimu amuulize mzazi kabla ya siku ya kwanza na kuyaandika kwenye daftari, basi. Mikeka nayo hutajwa sana kama kikwazo, maana ile ya kisasa ni ghali; lakini mji wenye maseremala wengi kama huu haukosi maranda ya mbao, na maranda yaliyochambuliwa misumari, yakatandazwa kwa kina cha kutosha ndani ya fremu na kufunikwa turubai lililokazwa vizuri, yanampokea mtoto anayeanguka bila kumuumiza.

Nikija kwenye namna ya kufundisha, hapo ndipo ningependa walimu wenzangu wanisikilize kwa makini, kwa sababu kinachohitajika ni mwalimu kubadili mazoea yake kuliko kununua vifaa. Judo ya wasioona na wenye uoni hafifu imo katika Michezo ya Paralimpiki, yaani michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, tangu Seoul mwaka 1988 kwa wanaume, na tangu Athens mwaka 2004 kwa wanawake, na tofauti yake kubwa na judo ya kawaida ni kwamba washindani huanza wakiwa tayari wameshikana mavazi. Wakishashikana, kila mmoja husoma mwili wa mwenzake kwa viganja: uzito umeegemea mguu gani, bega linavuta au linasukuma. Mwalimu akiwafunga vitambaa vya macho watoto wote kwa muda mfupi, yule asiyeona ataacha kuwa wa kusaidiwa, na aghalabu ndiye atakayekuwa mwalimu wa wengine. Tabora ina Shule ya Msingi Furaha ya watoto wasioona, na ina shule ya viziwi tangu mwaka 1963. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watoto hao hatujawahi kuwaona.

Kwa mtoto kiziwi, mwalimu aache kutoa maelekezo akiwa amewapa watoto kisogo, asisimame na jua nyuma yake likaufunika uso wake kwa kivuli, na ajifunze ishara za Lugha ya Alama ya Tanzania zinazohitajika mazoezini, ambazo kwa kweli si nyingi. Katika judo, anayetaka kuachiwa hupiga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili, ishara ambayo haihitaji sikio wala ulimi. Ngoma nayo husaidia, kwa kuwa mshindo wake hupanda kutoka sakafuni hadi kwenye nyayo. Waliowahi kutazama bugobogobo ya ndugu zetu Wasukuma, majembe yakirushwa na kudakwa kwa mpigo mmoja, hawatashangaa nikisema kwamba mwili hushika mdundo upesi kuliko unavyoshika maneno.

Watoto wenye ualbino wana shida mbili, jua na uoni. Mazoezi yakianza saa kumi na moja jioni badala ya saa tisa, na mtoto akawekwa mstari wa mbele karibu na mwalimu, shida zote mbili hupungua, na vazi la karate lenye mikono mirefu linamfaa kuliko jezi yoyote. Mwenye usonji mara nyingi hutulia mambo yakifuata mpangilio uleule kila siku, yaani salamu ya kuinama, mstari, kupasha mwili moto, kisha ule mfuatano wa mapigo na vizuio uitwao kata, ambao mtu huufanya peke yake bila kuguswa. Kata hiyo inafanyika pia kwenye kiti mwendo. Shirikisho la Karate Duniani liliandaa mashindano yake ya kwanza ya dunia kwa watu wenye ulemavu mjini Bremen, Ujerumani, mwaka 2014, wakiwemo watumiaji wa viti mwendo, wasioona na wenye ulemavu wa akili, na wote wakashindana kwa kata. Taekwondo, mchezo wa mateke wenye asili ya Korea, nayo iliingia Paralimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, kwa wanamichezo wenye ulemavu wa mikono. Sitaji haya kwa kuwa natafuta medali. Natafuta mtoto wa Ng'ambo au wa Ipuli aweze kushuka kwenye bajaji bila kuogopa ardhi.

Wapo wanaopendekeza darasa la peke yao. Kwa mtoto anayeogopa kelele, au ambaye hajawahi kuguswa na mtu asiye wa nyumbani kwao, wiki za mwanzo za utulivu zina maana. Darasa hilo likiwa la kudumu, hata hivyo, huwa lilelile benchi la pembeni, safari hii likiwa na mwalimu. Silipendi pia zoea la kuwavalisha watoto hawa mavazi meupe kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, wakapigiwa makofi na wageni rasmi, kisha wasionekane mazoezini mpaka Desemba nyingine. Vilevile sikubaliani na kutoa kwa huruma mikanda inayoonyesha daraja la mwanafunzi. Mtoto apewe mtihani unaolingana na mwili wake, na asipofaulu aambiwe hajafaulu na aonyeshwe la kurekebisha, kama wanavyoambiwa wenzake. Anayempa mkanda asioustahili ameshaamua moyoni kwamba hawezi.

Lipo jambo jingine ambalo vilabu hupenda kulikwepa. Michezo hii ni ya kushikana, na mtoto asiyesema au asiyesikia hupata taabu kueleza alichofanyiwa. Kwa hiyo pasiwepo zoezi la faragha kati ya mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Wawepo watu wazima wawili, mlango uwe wazi, mzazi aruhusiwe kukaa na kutazama siku yoyote bila kutoa taarifa, na mtoto aelezwe kabla ya kuguswa ni wapi atashikwa na kwa sababu gani. Mwalimu anayechukizwa na masharti haya atafute kazi nyingine.

Sheria sihitaji kuieleza kwa kirefu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 30 inataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na watoto wengine, ikiwemo ile ya shuleni, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kilichobaki ni utekelezaji katika ngazi yetu. Namwomba Afisa Michezo wa Manispaa awaite walimu wa vilabu na walimu wa elimu maalumu wakae pamoja, kwa kuwa hawa wanajua mapigo na wale wanajua watoto, na ukumbi au uwanja wa shule uruhusiwe kutumika jioni bila vilabu kutozwa kodi ya ukumbi wa harusi.

Vilabu navyo vinaweza kuanza na fomu ya kujiunga. Lile swali la kama mtoto ana ulemavu, ambalo jibu lake la ndiyo hufuatwa na maneno "tutakupigia simu", liondolewe, na mahali pake paulizwe mtoto anaweza kufanya nini, nini humletea maumivu, na anaonyeshaje kwamba anataka kusimamisha zoezi. Hilo la mwisho aulizwe mtoto mwenyewe, kwa maneno au kwa ishara, na mzazi asimjibie.

Wako,
Mzazi na mwalimu wa michezo,
Kata ya Kiloleni, Tabora.