Sentensi ya kwanza ya barua yako

Dada Mwanaidi,

Waama baada ya salamu, nimeisoma rasimu ya barua unayotaka kumwandikia mwenye nyumba wako juu ya makato ya amana. Hoja zako ni nzito, lakini sentensi ya kwanza usiipeleke ilivyo. Umeandika "I don't completely agree with these deductions". Najua ulikusudia "sikubaliani kabisa". Yeye ataelewa kwamba sehemu kubwa unaikubali, umebisha mambo mawili matatu tu, na hapo ndipo mtaanza kuvutana bei.

Kinachokuponza ni mahali pa kielezi. Kwetu ukanushi umo ndani ya kitenzi, ile "si" au "ha" ya mwanzo, na "kabisa" huja nyuma kushindilia. Kwa Kiingereza "not" husimama peke yake, na mara nyingi kielezi cha namna hii kikija baada yake ndicho kinachokanushwa: "not completely" ni sawa na kusema "si kwa ukamilifu". Andika "I completely disagree". Hapo ukanushi umeingia ndani ya kitenzi chenyewe, na "completely" inashindilia kama "kabisa" yako.

Jambo hili huonekana wazi zaidi kwa "really". "I really don't know" ni "wallahi sijui". "I don't really know" ni "sijui vizuri", jibu la mtu asiyetaka kujifunga. "I simply can't pay" maana yake siwezi kulipa, basi. Lakini "I can't simply pay" ni siwezi kulipa hivi hivi tu, kuna jambo la kufanya kwanza. Nazo "definitely" na "certainly" ziweke kabla ya "didn't" au "won't": "I definitely didn't break the window".

Ukiwa na shaka, kimbilia "at all". Ndiyo "hata kidogo" yetu, na hukaa mwishoni mwa sentensi au nyuma ya jina lenye "no" au "any": "There was no damage at all". Ila usiipachike kwenye sentensi ya kukubali, haikai. Ukitaka urasmi zaidi, sema "no damage whatsoever".

"Never" inahitaji uangalifu. "Kamwe" yetu hudai kitenzi kilichokanushwa, kama "sijachelewa kamwe", ndiyo maana umeandika "I haven't never paid late". "Never" imeshabeba ukanushi wake, na Kiingereza sanifu hakitaki viwili kwa pamoja. Andika "I have never paid late". Ukiiweka mwanzoni, kitenzi kisaidizi lazima kitangulie kiima: "Never have I paid late". Ndivyo ilivyo pia kwa "At no time did I refuse an inspection". Huo ni mtindo wa mahakamani. Mara moja katika barua nzima inatosha, ukirudia utaonekana unahutubia.

Kisha "bado". Kwa "bado sijapata risiti" wao wana njia mbili. "I haven't received the receipt yet" ni taarifa tulivu. "I still haven't received the receipt" inasema umengoja hadi umechoka. Kwa kuwa ulishamkumbusha, tumia ya pili. Na pale unapokana jambo zito, usifupishe: "I did not damage the carpet" ina uzito kuliko "didn't", kwa sababu "not" inasomwa peke yake. Mahali alipokataa katakata kukuonyesha risiti, "he flatly refused" ndiyo hasa.

Jambo jingine utakalolikuta kwenye majibu yake. Akiandika "I'm not entirely convinced", usidhani umemshawishi nusu. Waingereza hupunguza makali kwa makusudi, na mara nyingi hiyo ni "sikubali" iliyovalishwa adabu. Unaweza kuuliza kwa nini basi wewe usiandike hivyo hivyo. Kwa sababu barua ya madai huenda ikasomwa na msuluhishi wa migogoro ya amana, naye atapima maneno kama yalivyoandikwa.

Nitumie rasimu ya pili kabla hujaituma kwake, hasa aya ya zulia.

Ni mimi rafiki yako,
Rehema