Mama hakuwa mpole

Coventry, Uingereza
Jumapili usiku

Dada yangu mpenzi, na Kaka, na watoto wote mliopo nyumbani Wete, Pemba,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi na watoto huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, ingawa baridi ya mwezi huu inaingia mpaka mifupani. Nimeona niandike barua, maana kila nikishika simu nirekodi sauti nalia kabla sijafika kwenye maneno.

Juzi nilikwenda kwa daktari wa meno. Akaniziba jino, na ile dawa yake ilipoingia mdomoni nikasikia harufu ya karafuu. Karafuu yenyewe hasa, kwani mafuta yake ndiyo wanayotulizia meno hata huku. Nikawa nimelala kwenye kile kiti mdomo wazi, machozi yanateremka mpaka masikioni, na daktari wa watu ananiomba radhi akidhani ameniumiza. Sikuwa na la kumwambia. Mama alikuwa amenijia.

Rekodi ya hitma ya Mama uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Mungu awalipe wote waliosoma. Lakini Dada, pale alipoinuka yule mzee kumweleza marehemu, akasema alikuwa mwanamke mpole, mkimya, hajapata kuinua sauti yake, niliizima simu. Najua alitaka kumsifu. Najua na maiti hasemwi ila kwa wema. Lakini Mama hakuwa mpole, na sitaki wajukuu wake wakue wakimkumbuka mtu mwengine.

Wewe siku ya mzani ulikuwepo. Watoto hawaijui, kwa hivyo naiandika ili uwasomee.

Nilikuwa na miaka 9, bei ya karafuu imeanguka. Waindonesia, waliokuwa wakizinunua kwa ajili ya sigara zao, walikuwa wameshapanda mikarafuu yao wenyewe, na sisi tukabaki na serikali peke yake kuwa mnunuzi. Mama alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Hakuwa na kitu ila lile shamba la eka tatu alilogaiwa Babu baada ya Mapinduzi. Alichuma pamoja na wachumaji, usiku akakaa nasi kuchambua, akaanika siku tano juu ya majamvi. Wingu likipita tu, alikuwa anakimbia kuzikusanya kama mtu anayeokoa watoto kwenye moto. Kabla ya kuzipeleka kuuza alizipima kwa ile pishi yake ya mti, gunia baada ya gunia, akihesabu kwa sauti.

Tulipofika kituoni, mpimaji alitia mkono ndani ya gunia, akazitazama, akasema daraja la pili, zimepigwa na mvua. Kulikuwa na foleni ya wanaume nyuma yetu. Mama hakubishana. Alichukua punje moja ya karafuu, akamsogelea yule bwana mpaka karibu na shavu, akaivunja sikioni mwake.

Ka!

"Umesikia?" akamwambia. "Iliyopigwa na mvua hailii."

Akachukua ya pili kutoka gunia jengine, akaivunja. Akachukua ya tatu. Yule bwana anarudi nyuma, Mama anamfuata. Wanaume kwenye foleni wakaanza nao kuvunja za kwao na kuzisikiliza, kituo kizima kinalia ka, ka, ka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nikajificha nyuma ya magunia, wewe ukanivuta kwa gauni. Tulirudi nyumbani na stakabadhi ya daraja la kwanza, na Mama njia nzima anaimba. Mahitaji yangu ya skuli, viatu vyako, bati la jikoni, vyote vilitoka kwenye zile punje tatu.

Huyo ndiye Mama. Na Kaka atakumbuka ile siku ya mchezo wa ng'ombe, dume lilipokata kamba watu wakatawanyika. Mama alikuwa na miaka 58. Akakaza kanga kiunoni, akapanda mwembe kwa kasi ambayo vijana waliikosa, na alipofika juu akawa anawaelekeza wanaume wapite wapi. Zumari lilikuwa limenyamaza, sauti yake ndiyo iliyokuwa ikisikika uwanja mzima. Hiyo ndiyo sauti anayoambiwa hajaiinua!

Usiku wa kuchambua ndio ninaoulilia zaidi. Tumezunguka lile rundo, koroboi katikati, kila mmoja anabinya kichala kwenye kiganja, karafuu zinadondoka huku, makonyo yanatupwa kule. Viganja vinawasha, vidole vinakuwa vyeusi siku nne havitakati. Tukianza kusinzia tu, anapiga: "Paukwa!" Ole wake asiyeitika "Pakawa!" Hadithi zake hakuzimaliza, alizikatia pale pazuri ili kesho yake tusikwepe kazi. Hata umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010, koroboi hakuitupa. Alisema taa ya umeme inaona kila kitu, hadithi inakimbia. Mpaka leo sijui yule binti wa kisimani alitokaje. Kama kuna mmoja wenu aliyemalizia kusikia, tafadhali aniandikie.

Wanangu hawakuwahi kumwona uso kwa uso ila ile mara moja ya 2019, na mdogo alikuwa bado mchanga. Tulikuwa tukimpigia kwa video, naye simu anaiweka sikioni, basi sisi huku tunaliona sikio tu: ile ndewe iliyochanika kwa herini za ujana wake, na unywele mmoja mweupe uliochomoza chini ya ushungi. Tumemwambia mara ngapi aitazame simu? "Nikiitazama nitasikiaje?" Mdogo siku moja alirudi na picha aliyoichora skuli, waliambiwa kila mtoto amchore bibi yake. Alichora sikio, kubwa, limejaa karatasi nzima. Mwalimu aliniuliza, nikamweleza, naye akanyamaza. Picha ipo ukutani jikoni, chini yake ndipo ninapoandikia.

Dada, jambo moja limenikaa kooni. Kazi yangu huku unaijua, ni kwenye nyumba ya kulelea wazee. Usiku ule ulioniletea habari nilikuwa zamu, na kabla sijaushika ujumbe wako nilikuwa nimemwogesha bibi mmoja wa miaka 91, nimemkausha na vidole vya miguu, nimempaka mafuta. Mlipomzika Mama saa nne za asubuhi, huku ilikuwa saa moja, nimesimama kituo cha basi na sare yangu. Mama wa watu nimewaosha miaka 11. Wangu nilikuachia wewe. Ahsante, Dada. Uliniambia kwamba ulianza na mkono wake wa kulia, na kwamba alama ya kile kisu cha mihogo ilikuwa bado ipo kwenye kidole. Nimelishika hilo.

Sasa arobaini inakuja, na tiketi sijaipata, bei imekuwa si ya kusemeka. Nguo zake zitoeni sadaka kama alivyousia. Ila ile kanga aliyoninunulia nilipokuwa naondoka, tukagawana kila mmoja upande wake, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, upande wake mniwekee, na msiufue. Pishi ibaki kwa Kaka, shamba analo yeye. Na siku ya arobaini, akishamaliza yule mzee kusema, nakuomba inuka wewe uwaeleze watoto habari ya mzani. Useme kwa sauti kubwa.

Kisha kuna hili la wanangu. Msimu ukifika na mkianika, zikishakauka sawasawa, nipigie. Chukua punje moja, uivunje karibu na simu. Huku watoto wataweka masikio.

Wassalaam,
Mdogo wenu