Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutunza paka, Assalaam alaykum.

Kabla sijaanza, naomba iingie kwenye muhtasari kwamba mkutano huu uliitishwa kwa saa 3 asubuhi, na tunaanza saa 5 kasorobo tukiwa watu 26 kati ya 64. Nawashukuru hao 26. Waliobaki nadhani wanangoja kuisoma taarifa kwenye simu, wapate la kusema.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Paka wamelishwa, mabanda yamefagiliwa, dagaa wamenunuliwa sokoni Darajani kila wiki. Dawa ya minyoo imetolewa, na mapunye yaliyowashika paka wa chumba cha nyuma yamekwisha baada ya wiki nyingi za kupaka dawa. Tuliowahasi na kuwafunga vizazi ni 83, wakiwemo paka wa mitaani. Kila mmoja amekatwa ncha ya sikio la kushoto ili asikamatwe mara ya pili bure. Mzee wetu Kapteni, yule shume wa jicho moja, bado yuko hai na bado anauma.

Hesabu ya paka ni hii: tulianza na 71, tukapokea 96, wakazaliwa bandani 14. Waliochukuliwa na familia ni 58, waliorudishwa mitaani kwao baada ya upasuaji 31, waliokufa 47. Tumebaki na 45. Anayetaka kujumlisha ajumlishe.

Hapo kwenye 47 najua ndipo lilipo lililowaleta wengi wenu leo. Nitalieleza mwanzo hadi mwisho, kwa sababu nimechoka kulisikia likielezwa na watu ambao hawakuwepo.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Aprili, mvua za masika zikinyesha, mtu aliacha boksi la biskuti langoni. Ndani mlikuwa na watoto wanne wa paka, wamelowa. Simtaji mtu, ila boksi lile halikuachwa na mgeni, maana mgeni hajui kwamba taa ya lango letu imeungua. Kanuni inasema paka mpya akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Hawa walichanganywa siku hiyohiyo. Wanaosema huo ni uzembe wangu wakumbuke kwamba chumba cha karantini kinavuja tangu vuli. Niliomba bati 6 kwa maandishi, nikajibiwa kwamba mfuko hauna kitu. Na mfuko hauna kitu kwa sababu gani, nitafika huko.

Kufikia tarehe 9, watoto wa chumba cha mbele walikuwa wameacha kula. Wanatapika, wanahara, na, jambo ambalo sitalisahau, wanaliinamia bakuli la maji muda mrefu bila kunywa. Daktari wa mifugo alipofika alisema ni parvo ya paka, ambayo kitaalamu huitwa panlukopenia. Haimdhuru binadamu, lakini humaliza chembe nyeupe za damu ya paka na kuuchubua utumbo wake. Mtoto wa paka asiyechanjwa akiipata, mara nyingi hafiki wiki. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna. Kilichopo ni dripu, dawa za kuzuia kutapika na maambukizo mengine, joto, na mtu wa kukesha. Mtu wa kukesha nilikuwa mimi. Usiku 11, na sisemi hivi ili nipongezwe.

Niliitisha mkutano wa dharura Jumapili tarehe 13 Aprili. Walikuja 9. Nikaitisha mwingine Jumatano tarehe 16, wakaja 7, na wawili kati yao wakaondoka kabla ya hoja kusomwa kwa kuwa wingu lilikuwa limetanda. Katiba yetu inataka watu 22 ndipo uamuzi upite. Sasa naomba niulize, kwa heshima: kirusi kile kingengoja akidi?

Kwa hiyo niliamua, mimi na katibu na daktari. Tuliufunga mlango kwa wiki 10, hakuingia paka mpya hata mmoja. Najua wapo walioleta paka wakarudishwa, na mmoja alinitolea maneno barabarani mbele ya watu. Lakini kumwingiza paka mzima kwenye nyumba ile kungekuwa kumpeleka kufa kwa mkono wangu. Kirusi hiki chaweza kukaa mwaka mzima sakafuni au kwenye nguo, na huingia ndani hata kwa soli ya kiatu. Ndiyo sababu niliwakataza pia nyinyi kuingia, wakiwemo wenye ufunguo, na ufunguo mmoja mpaka leo haujarudi.

Halafu makochi. Nimesikia mengi juu ya makochi kuliko juu ya paka. Ni kweli yalitolewa na mwanachama mwenzetu kwa moyo mweupe, na ni kweli niliyachoma moto pamoja na mazulia mawili na magodoro. Sponji haisafishiki. Kinachoua kirusi hiki kwa uhakika kwa bei tunayoimudu ni jiki, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, baada ya kusugua kwa sabuni kwanza, na iachwe dakika 10 ndipo isuuzwe. Ukiimimina juu ya uchafu inapoteza nguvu. Wapo waliotuletea Dettol, chupa nyingi tu, Mungu awalipe, lakini haikiui kirusi hiki na paka akiilamba inamdhuru. Nimezihifadhi kabatini. Mwenye kutaka chupa yake aichukue.

Lililo zito ni wale sita. Kati ya 34 waliokufa kwa ugonjwa huu, 26 walikuwa chini ya miezi 4, na sita katika hao walichomwa sindano ya kulala. Wameshindwa kuinua vichwa, wamepoa mwili, wanatoa damu kwa nyuma, na dripu imekataa. Nimeambiwa kuwa nimeua. Nimeletewa hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kana kwamba sikusoma chuo cha Kurani. Yule alimfungia paka, hakumpa chakula wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Mimi wale sita niliwalisha kwa sindano isiyo na ncha, tone kwa tone, mpaka hawakumeza tena. Daktari ndiye aliyechoma, mimi ndiye niliyewashika. Mmoja alikuwa Sukari, aliyezaliwa bandani kwetu, ambaye nusu yenu mnaye kwenye picha za simu zenu. Sikumwona hata mmoja wa wenye picha hizo usiku ule.

Walionusurika ni 12. Daktari anasema aliyepona hupata kinga ya muda mrefu, na waliochanjwa mapema karibu wote hawakuguswa. Chanjo ya watoto yapaswa kuanza wakiwa na wiki 6 hadi 8, kisha kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wapite wiki 16. Sisi wengi tuliwapa dozi ya kwanza tukaishia hapo. Tuliishiwa fedha.

Na hapa nafika kwenye fedha. Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa wanachama 64 tungepata 3,840,000. Tumepata 1,115,000. Waliolipa mwaka mzima ni 11, waliolipa kidogokidogo 23, na 30 hawajatoa hata senti, wakiwemo watatu walioongea sana kuhusu makochi. Misaada ilikuwa 4,280,000, matumizi 6,170,000. Pengo ni 775,000: duka la dawa linatudai 375,000, na 400,000 zimetoka mfukoni mwangu. Sizidai leo, lakini zijulikane. Petroli ya gari langu sikuihesabu.

Kuhusu mwaka ujao, Inshallah tunatarajia kuliezeka upya paa la karantini pindi hali itakaporuhusu, na kuna mazungumzo ya awali kuhusu kiwanja kikubwa zaidi nje ya mji. Siwezi kusema zaidi kwa sasa. Tunatumaini pia kuhasi paka wengi zaidi, kwani jike hubeba mimba miezi miwili tu na anaweza kuanza akiwa na miezi minne au mitano, na maboksi ya biskuti hayataisha.

Kuna hoja imewasilishwa kwa katibu ya kutokuwa na imani nami. Nimeiona. Ina sahihi 14, na kwa mujibu wa daftari la mweka hazina, 9 kati yao si wanachama hai kwa sababu ya ada. Mweka hazina amekaa karibu na mlango na ana kitabu cha risiti. Wakishalipa, hoja yao itasomwa, na nitaondoka kwenye kiti hiki ili mwingine aongoze kipengele hicho.

Naomba kuwasilisha.