Ndoa ya mkeka ya bakuli langu

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Columbus kwenye baridi. Sisi wazima, ila watoto wanarefuka miguu kila mwezi na viatu vimenishinda. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili: mara ya kwanza nikacheka, ya pili nikanuna. Eti mtu mzima, tena ana mkopo wa gari, mabakuli ya vioo ya nini! Haya, kaa kitako nikujibu.

Kwanza usinisingizie Marekani. Maradhi haya nilitoka nayo Tanga. Unalikumbuka kabati la bibi yako, lenye zile bilauri za rangi ambazo hazikuguswa mpaka Idi? Jua la alasiri likipenya dirishani, ukuta mzima ulijaa madoa mekundu na ya kijani, nasi tukiyafukuza kwa viganja. Basi ni hilo hilo, ila sasa kabati ni langu na hakuna wa kunifinya.

Huku wanaviita vioo vya kanivali. Ukikiona kimoja utadhani mtu kamwaga mafuta ya taa kwenye dimbwi. Rangi zinatembea juu yake kama shingo ya njiwa. Ufundi wenyewe si wa ajabu. Kioo kilichoyeyuka kinashindiliwa kwenye kalibu ya chuma, kikitoka kingali moto kinapuliziwa maji yenye chumvi za madini, za chuma au za bati, nazo zinakishika kama utando. Kiwanda cha Fenton cha Williamstown, West Virginia, kilianza kuvitoa mwaka 1907, kile cha Northwood cha Wheeling kikafuata mwaka 1908. Wenye nazo walikuwa na vioo vya Tiffany, vya bei ghali. Hivi vilikuwa vya mama wa nyumbani aliyetaka meza yake nayo imetemete. Hilo jina la kanivali ni la juzi tu, miaka ya 1950, vilipokuwa vimeshapitwa na watu wakisimuliana kwamba vilikuwa zawadi za kwenye maonyesho, ukirusha pete ikanasa.

Na bakuli la sharubati ndilo sultani wao. Si kitu kimoja, ni jamii nzima: bakuli lenyewe, kiti chake cha kulikalia, na vikombe vyenye masikio, mara nyingi sita. Kwa miaka mia na ushei jamii hiyo imehama nyumba, imegawanywa kwenye urithi, imeoshwa na wajukuu wenye mikono ya sabuni. Kuikuta yote pamoja ni bahati. Langu ni la Northwood, nakshi yake mashada ya zabibu na kamba inayozunguka, na katikati ina herufi N ndani ya duara, mstari chini yake. Nililinunua mnadani, jioni, ukumbi una taa za manjano. Nikapitisha kidole kwenye meno ya ukingo, jino baada ya jino, hakuna pengo. Nikajiona fundi. Bei sikutajii, shemeji yako husoma barua zangu.

Asubuhi nikalipeleka dirishani, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimeliwa. Ule utando wa juu hufunika rangi ya kioo chenyewe; ukitaka kuijua lazima ukiinue kwenye mwanga na uchungulie kitakoni, mahali ambapo utando haukufika. Bakuli likatoa zambarau, zambarau hasa, kama ndimi zetu tulipoteremka kwenye ule mti wa shuleni. Kiti kikatoa kijani. Kijani kama chupa ya soda! Nakshi moja, kiwanda kimoja, lakini hao hawajawahi kuishi nyumba moja mpaka muuzaji alipowafungisha ndoa ya mkeka. Nikampigia simu, akanijibu kwamba mnadani hakuna kurudisha. Kiti nimekipindua, natilia ndimu.

Mwezi uliopita nikamburuta shemeji yako mpaka Wheeling, mwendo wa saa mbili, kutafuta kiti cha zambarau. Nilichokipata ni cha rangi ya chungwa, nacho kina ufa. Kwa hasira tukaingia kwenye makumbusho ya vioo, pale katika bustani ya Oglebay, angalau tujipumzishe. Ndani limesimama bakuli la Sweeney. Hilo si la kanivali; ni kioo kisicho na rangi, kilichochongwa, la mwaka 1844, refu karibu mita moja na nusu, yaani linanifika kidevuni, na uzito wake unapita kilo 100. Michael Sweeney alikuwa na kiwanda cha vioo hapo hapo mjini. Alipokufa, bakuli likawekwa juu ya kaburi lake, limefunikwa kwa kioo, likakaa makaburini miaka na miaka kabla ya kuingizwa ndani.

Somo, nilisimama pale nikaiona Tongoni, yale magofu ya kwetu Tanga. Unaikumbuka ile safari ya darasa la sita, makaburi yenye nguzo, na vile vishimo vya duara ambamo mwalimu alituambia palikaa mabakuli ya Kichina? Wewe ulitia ngumi ndani ukasema panatosha andazi. Mzungu wa Wheeling na waungwana wa Tongoni hawakujuana hata kwa ndoto, na wote wakataka kulala na bakuli juu yao. Shemeji yako akaniuliza nacheka nini peke yangu, nikakosa pa kuanzia.

Kwa hiyo wewe ndiwe shahidi wangu. Siku yangu ikifika, mtu asithubutu kuniwekea lile bakuli likiwa limekalia kiti cha kijani. Kama cha zambarau hakijapatikana, niwekeeni andazi.

Nisalimie bi mkubwa, na wifi, na yeyote atakayeniuliza.

Somo yako